Pepopunda nayo ni asili tupu

Juzi pale soko la Mgandini, hapa Tanga, kijana mmoja alikuwa anauza mboji kwenye viroba, kipaza sauti begani: "Asili tupu! Haina kemikali! Haina madhara!" Sawa, biashara ni maneno. Lakini akachota konzi nzima kwa mkono mtupu, akamsogezea mama wa watu puani anuse. Mama akanusa kwa nguvu zake zote, akapiga chafya, wakacheka wote wawili. Kijana akajipangusa kwenye suruali, akaichukua chapati yake iliyokuwa juu ya kiroba, akaendelea kula.

Mimi sikucheka.

Sisi watu wa bustani tumeshaamua kwamba sumu inatoka dukani tu. Mtu akipulizia nyanya dawa ya wadudu, anajifunga kanga hadi puani na watoto anawafungia ndani. Kesho yake mtu huyohuyo anaingia kwenye biwi la samadi na ndala, anafukua kwa mikono, vumbi linampanda kichwani, na mtoto wa miaka miwili kakaa pembeni anachezea. Ukimuuliza: hii si ya asili?

Tusije tukagombana bure, mboji naipenda. Udongo wetu huku karibu na bahari ni mchanga mtupu. Unamwagilia asubuhi, saa sita mchicha umelala. Bila samadi hupati kitu. Na bei ya mbolea ya dukani mnaijua wenyewe. Tanga ni mji wa maziwa, ukitafuta humkosi mtu mwenye ng'ombe wawili uani, samadi anakupa bure na anakushukuru kwa kumwondolea. Kwa hiyo anayedhani nawaambia watu waache, hajanielewa.

Ninalotaka kusema ni la pepopunda.

Bakteria wa pepopunda anaishi tumboni mwa wanyama wetu hawahawa, ng'ombe, mbuzi, punda. Anatoka na kinyesi, anajifungia ndani ya gamba gumu, yaani spora, na hapo udongoni anaweza kukaa miaka akisubiri. Wajuzi wa mboji watanirukia: biwi si linachemka? Linachemka, kweli. Likipangwa vizuri katikati yake joto linapita nyuzi 55, na likikaa hivyo siku kadhaa huku ukiligeuza, mayai ya minyoo yanakufa, vijidudu vya kuharisha vinakufa. Spora za pepopunda hazifi. Hizo hata kwenye maji yanayotokota zinavumilia dakika kadhaa. Na tuambiane ukweli, mabiwi yetu mengi hayachemki hata kidogo. Ni rundo la majani na maganda ya ndizi lililotupwa nyuma ya choo, basi.

Pepopunda haiingii kwa kunusa wala kwa kugusa. Inaingia penye kidonda, na kidonda chenyewe kinaweza kuwa tundu la mwiba. Nani Tanga hajawahi kuchomwa na ncha ya mkonge? Halafu mboji ya mjini ina mambo yake. Mwezi uliopita nilimwaga kiroba kimoja kwenye turubai nichekeche, nikatoa kipande cha chupa ya soda, msumari wenye kutu, nusu ya wembe, na vipande vya rambo ambazo zimepigwa marufuku tangu 2019 lakini udongo bado unazitapika. Nusu ya wembe, jamani, ndani ya samadi. Ukimwambia mtu akutengenezee mtego wa pepopunda asingeuweka vizuri kuliko hivyo.

Basi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye tunayelima naye. Siku hiyo yuko peku. Nikamwambia, "Shemeji, vaa viatu." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Shemeji, sisi tumekulia zizini. Mwili umeshazoea."

Hapo ndipo damu inaponichemka. Pepopunda haizoeleki! Hata aliyeugua akapona, mwili wake haujifunzi kitu. Sumu inayoweza kumuua mtu ni kidogo mno kiasi kwamba mwili haupati nafasi ya kuijua. Anaweza kuugua tena mwakani. Kinga ni sindano tu, na sindano nayo inapungua nguvu, ndiyo maana mtu mzima anatakiwa kuirudia kila baada ya miaka 10 hivi.

Sasa tuulizane nani ameirudia. Sisi wanawake tumechomwa kliniki, kila mimba na kadi yake. Tulilalamika, tukavimba mkono, lakini tumekingwa. Mwanamume wa miaka arobaini chanjo yake ya mwisho ya pepopunda alichomwa akiwa amebebwa mgongoni. Zile za miezi ya mwanzo. Baada ya hapo hakuna aliyemtafuta tena, naye hakumtafuta mtu. Na nani anazoa samadi, anasukuma toroli, anachimba mashimo? Ni yeye. Wala msiniambie mkewe amechanjwa inatosha. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, inatoka kwenye udongo kwenda kwa mtu. Kinga yangu haimsaidii mume wangu hata tukilala kitanda kimoja.

Shemeji alinishangaza, alikwenda. Zahanati siitaji. Akaomba sindano ya pepopunda, akaulizwa, "Una jeraha?" Hana. "Basi hiyo ni ya wajawazito, baba. Ukiumia uje." Wauguzi wakacheka, na yeye akarudi amenuna, akaapa hatanisikiliza tena. Siwalaumu sana wale, labda ndivyo walivyopangiwa, na ni kweli ukiumia kuna sindano. Lakini niambieni, nani anapanga foleni hospitali kwa sababu ya mwiba? Anaung'oa kwa pini, anapaka mafuta ya taa, anaendelea kulima. Siku ya nane taya linakaza. Halafu mwili wote unapinda, na hata mlango ukibamizwa anashtuka kwa mshtuko wa misuli unaoweza kumkata pumzi. Watu wanakimbilia kusema amerogwa.

Wakati huohuo kuku wake wanatiwa tone la chanjo ya kideri jichoni kila miezi mitatu, na tarehe kaiandika ukutani kwa mkaa. Kuku ana ratiba ya chanjo kuliko anayezoa kinyesi chake!

Mengine nayapitia haraka. Vumbi: mboji kavu ina kuvu, na kuvu hao wanarusha mbegu hewani kila unapoikoroga. Mwenye pumu ataniunga mkono. Mwaka 2008 jarida la tiba la Lancet lilieleza habari za bwana mmoja wa Uingereza, umri miaka 47, aliyefungua mifuko ya majani yaliyooza bustanini kwake, akavuta lile wingu la vumbi, na kuvu aina ya Aspergillus wakamuua. Australia na New Zealand mifuko ya udongo wa bustani inaandikwa onyo kwa sababu ya Legionella, bakteria wa nimonia. Sisi kwetu kiroba kimeandikwa sukari kilo 50. Dawa ya vumbi lakini ni rahisi hadi inakera: maji. Chukua kopo lililotobolewa, nyunyizia rundo lilowane ndipo uligeuze. Barakoa za wakati wa korona bado mnazo kwenye droo, najua.

Safura, ile minyoo inayopenya kwenye nyayo, ni ya kinyesi cha binadamu, siyo cha ng'ombe. Kwa hiyo anayechanganya maji ya choo kwenye mboji "ili iive haraka" na kisha kukanyaga peku, huyo ameitafuta. Na samadi mbichi kwenye kachumbari msinialike. Anayeota kwenda kuzoa mavi ya popo kule Amboni kwa ajili ya pilipili hoho zake naye aache, mapango yana kuvu wake wa mapafu.

Mtaniambia bibi yangu amelima hadi miaka themanini bila glovu. Ndiyo, wako wengi, na nakubali, shingo upande, kwamba wengi wetu tutazeeka na mboji kuchani bila kupatwa na lolote. Ila waliopatwa hawaji bustanini kutoa ushuhuda. Na glovu zenyewe, kwa joto la Tanga la Februari, najua mikono inaiva humo ndani. Msivae basi, lakini viatu vaeni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chapati.

Bwana shamba alipokuja mtaani kwetu alitufundisha vizuri sana: majani makavu chini, mabichi juu, samadi, majivu kidogo, kijiti katikati cha kupimia joto. Nilimsubiri aseme neno moja tu kuhusu aliyeshika reki. Akafunga daftari, akanywa soda, akaondoka. Siku hiyo pembeni ya yale majivu ingekaa meza moja na muuguzi mmoja na boksi la barafu lenye chanjo, wanaume wote wa mtaa walikuwa wameshakusanyika bure, tena kwa hiari. Sijui tena lini watakusanyika vile bila mpira wala msiba.

Shemeji sasa anavaa raba buti. Zina joto, analalamika toka anapoanza kulima hadi anapomaliza. Alalamike tu. Sindano bado hajapata.