Mizani ya makala za Bongani Mayosi

Mhadhiri mmoja kijana, mzaliwa wa Kibokoni hapa Mombasa, alitoa hoja barazani kwetu baada ya swala ya isha, na tangu siku hiyo haijanitoka akilini. Alisema kwamba mtafiti wa tiba apimwe kwa jambo moja tu, nalo ni idadi ya makala alizochapisha pamoja na mara ambazo wenzake wamezirejelea, kwa kuwa mengine yote ni sifa za mdomo. Mzee mmoja aliyestaafu uuguzi akamwuliza: "Mwanangu, hizo hesabu zenu zinamjua mgonjwa?" Kahawa ikamiminwa tena na mazungumzo yakahamia kwingine, lakini swali lilibaki pale pale. Nimeona nilipime kwa kumtazama mtu ambaye kazi yake inawapa nguvu wote wawili, Profesa Bongani Mayosi, daktari bingwa wa moyo wa Afrika Kusini.

Mayosi alizaliwa Transkei, mashariki mwa Afrika Kusini, mnamo Januari 1967, akasomea udaktari Natal, akachukua shahada ya uzamivu Oxford, na mwaka 2006 akawa mkuu wa idara ya tiba katika Hospitali ya Groote Schuur na Chuo Kikuu cha Cape Town. Groote Schuur ndiko Christiaan Barnard alikopandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza, tarehe 3 Desemba 1967, mwaka uleule aliozaliwa Mayosi, na ndilo jambo ambalo hospitali hiyo ilijulikana kwalo duniani. Yeye aliyashika magonjwa yasiyo na fahari: kifua kikuu kinachoshambulia utando unaouzunguka moyo, na vali za moyo, yaani milango ya kupitishia damu, zinazoharibiwa na homa ya baridi yabisi, homa inayofuata koo la mtoto lisilotibiwa. Alipofariki tarehe 27 Julai 2018, akiwa na umri wa miaka 51, makala zake zilikuwa zimepita 250.

Hoja ya mhadhiri ina uzito, na hasa kwetu. Kabla ya watu kuanza kuhesabu, ukubwa wa msomi ulitegemea chuo alichotoka na nani anamjua, na kwa mizani hiyo Mwafrika alikuwa amekwisha kushindwa kabla hajafungua mdomo. Fahirisi ya h, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, haiulizi mtu ametoka wapi. Mtafiti mwenye fahirisi ya 40 ana makala 40 ambazo kila moja imerejelewa mara 40 au zaidi, kwa hiyo makala moja iliyovuma haitoshi kumbeba, wala lundo la makala zisizosomwa halimsaidii. Hata hapa Kenya mhadhiri hupandishwa cheo kwa alama, na makala ni sehemu kubwa ya alama hizo. Ni haki ya kijana yule kudai kipimo kisichoweza kuhongwa kwa undugu.

Tatizo linaanzia kwa wale wanaorejelea. Makala hurejelewa na watu wanaoandika makala, na wengi wao wako katika nchi ambazo homa ya baridi yabisi imekwisha kusahaulika. Mtu anayeandika kuhusu dawa za kushusha lehemu katika damu ana maelfu ya wenzake wanaosubiri kumnukuu, ilhali anayeandika kuhusu vali za watoto wa vijijini ana wagonjwa mamilioni na waandishi wachache. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini katika hesabu hii mcheza kwao hupunjwa. Chukua Azimio la Drakensberg. Oktoba 2005, wataalamu kutoka pande mbalimbali za Afrika walikutana katika milima hiyo, Mayosi akiwa miongoni mwa vinara wao, wakakubaliana juu ya kazi nne za kuukabili ugonjwa huu: kuwaelimisha watu, kufuatilia takwimu, kuzishawishi serikali na kukinga. Azimio lilichapishwa mwaka 2006 katika jarida la madaktari wa Afrika Kusini, si katika majarida makubwa ya London au Boston. Hata hivyo, mwendo ulioanzia pale ndio uliofika kwenye mkutano wa wataalamu wa Addis Ababa mwaka 2015, na Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio kuhusu homa ya baridi yabisi na ugonjwa wa moyo unaotokana nayo, miezi miwili tu kabla ya kifo chake. Sijui ni fahirisi gani ingeweza kuliona jambo hilo.

Lakini kazi inayonionyesha vizuri zaidi jinsi makala zinavyopaswa kushikana ni ile ya kifua kikuu cha utando wa moyo. Maji yakijaa katika utando huo, moyo hubanwa, na hata maji yakiondoka, utando unaweza kukakamaa na kuubana upya. Kwa miaka mingi madaktari waliongeza prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, juu ya dawa za kifua kikuu, wakitegemea zaidi majaribio yaliyofanywa huko huko Transkei na kuchapishwa mwaka 1987 na 1988, ambayo yalikuwa na wagonjwa mia chache tu. Mayosi na wenzake walianza kwa kukusanya kila jaribio lililokuwapo na kulipima upya, wakaona kwamba dawa ile huenda ikaokoa maisha ya wengi, lakini ushahidi ulikuwa mdogo mno kuweza kuaminiwa. Wengi wangeishia hapo, wapate makala yao na kuhamia mada nyingine. Wao waliitumia ile makala kama msingi wa kujenga jaribio lililoitwa IMPI, likachukua wagonjwa 1,400 katika hospitali 19 za nchi 8 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo.

Matokeo yalichapishwa Septemba 2014 katika New England Journal of Medicine, na hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Kifo, kubanwa kwa moyo na maji hadi yakalazimika kutolewa kwa sindano, na kukakamaa kwa utando, vikihesabiwa pamoja, viliwapata asilimia 23.8 ya waliopewa prednisolone na asilimia 24.5 ya waliopewa kidonge kitupu. Hiyo haikuwa tofauti ya maana. Kukakamaa kwa utando peke yake kulipungua, kutoka asilimia 7.8 hadi 4.4, lakini saratani zinazoandamana na Virusi vya Ukimwi zikaongezeka, na karibu thuluthi mbili ya wagonjwa walikuwa na virusi hivyo. Mtu anayependa habari za ushindi atasema jaribio lilishindwa. Mimi naliona kuwa ndilo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu lilimpa daktari swali la kumwuliza mgonjwa kabla ya kuandika dawa, nalo ni kama ana virusi au hana. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2015 ulisema dawa hiyo inaweza kufikiriwa kwa asiye na virusi na iepukwe kwa aliye navyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 ulibaki kusema kwamba inaweza kutumiwa mwanzoni mwa matibabu. Miongozo hiyo miwili ililisoma jaribio lilelile na kutoka na maneno tofauti, na kwa maoni yangu tofauti hiyo inatuambia kuhusu ushawishi wa mtafiti mambo ambayo idadi ya marejeo haitayasema kamwe, kwani pande zote mbili huhesabiwa kuwa zimemrejelea.

Kazi ya pili kubwa, iliyoitwa REMEDY, ilikuwa rejista ya wagonjwa 3,343 wa vali za moyo, walioandikishwa kati ya 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwamo, pamoja na India na Yemen. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, na thuluthi mbili walikuwa wanawake. Katika miaka miwili asilimia 16.9 walifariki, na nusu ya waliofariki hawakufikisha miaka 29. Ni zaidi kidogo tu ya nusu waliokuwa wakipata penisilini ya kinga, inayozuia homa ile isirudi.

Takwimu hiyo ya mwisho niliisoma nikiwa na picha mbele yangu. Binti wa jirani yetu huko Likoni, mwanafunzi wa sekondari, ana daftari lililovikwa karatasi ya gazeti, na ndani yake zimeandikwa tarehe za sindano za penisilini hiyo, moja kila baada ya wiki nne. Sindano yenyewe ni nzito na dawa huingia polepole, hata siku hiyo hupanda feri akichechemea, mkono mmoja ameushika kwa mamake. Mwaka jana kuna nafasi tatu zilizoachwa tupu mfululizo, kwa sababu zahanati waliyokuwa wakienda iliishiwa na dawa na hakuna aliyewaambia waitafute wapi. Yote yalianza kwa mafindofindo ya utotoni, koo lililoachwa lipone lenyewe. Mama huyo hajapata kulisikia jina la Mayosi, wala hana haja nalo, lakini zile nafasi tatu tupu ndizo REMEDY ilizozihesabu.

Wapo wanaomkosoa kwa haki. Rejista ya hospitali huwaona waliofika hospitali tu, na aliyefia nyumbani kijijini bila kupimwa hayumo humo, kwa hiyo asilimia zile haziwezi kuchukuliwa kuwa picha ya jamii nzima. Vilevile makala hizi kubwa zina waandishi wengi, na IMPI iliendeshwa kwa ushirikiano na taasisi ya Hamilton nchini Kanada inayohusishwa na Salim Yusuf, mmoja wa watafiti wa moyo wanaorejelewa zaidi duniani, ambaye jina lake linafunga orodha ya waandishi wa makala hiyo. Fahirisi humpa kila mwandishi alama kamili, kana kwamba aliifanya kazi peke yake. Anayeuliza kiasi gani ni cha Cape Town na kiasi gani ni cha Hamilton hana chuki, anauliza swali la kweli. Jibu langu ni kwamba swali la utafiti lilitoka kusini, kutoka wodi ambazo Mayosi alizijua kwa macho yake, na mapitio yaliyoandaa njia yalikuwa na jina lake mbele. Lakini nakiri kwamba bila uzoefu wa kaskazini wa kuendesha majaribio makubwa, wagonjwa 1,400 wasingepatikana kwa urahisi.

Lawama iliyo nzito zaidi ni kwamba maazimio na makala havijaijaza kabati ya zahanati. Ni kweli. Ila naona ni dhuluma kumbebesha mtafiti deni la mnunuzi wa dawa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna waziri atakayesema tena kuwa hakujua, na hilo alilitimiza. Alichokiacha nusu, yeye na wenzake, na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tukiwa pamoja nao, ni lugha: matokeo yote haya yamo katika Kiingereza cha majarida, na yule mwuguzi mstaafu wa baraza letu alinihakikishia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakupata kushika karatasi moja ya Kiswahili inayomweleza mzazi kwa nini koo la mtoto linaweza kuishia moyoni.

Kwa hiyo kama ningeulizwa na mhadhiri wetu nimpe Mayosi alama gani, ningemwomba kwanza aongeze safu nyingine katika hesabu yake: ni swali gani ambalo makala ililiacha wazi, na nani alikuja kulijibu. REMEDY ilionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa ya kuzuia damu isigande, chini ya thuluthi moja walikuwa na kipimo cha damu kilicho katika kiwango kinachotakiwa. Wengi walidhani suluhisho ni dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu mara kwa mara. Mwaka 2022, miaka minne baada ya kifo chake, jaribio la INVICTUS lililofanywa kwa watu 4,531 wenye ugonjwa huu wa vali pamoja na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio lilionyesha kinyume: waliotumia dawa za zamani za kundi la warfarin walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya zile mpya. Maana yake kwa mji kama wetu ni kwamba mgonjwa wa aina hiyo bado atahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na aliye ng'ambo ya Likoni atalazimika kuvuka kwa ajili ya kipimo hicho, mpaka kitakapopatikana upande wake wa feri.