Hawa Wazee wa Berlin Wameniuza kwa Mama Mwenye Nyumba

Jamani nisikilizeni nyie maana huku Ilomba sina wa kumwambia, ukianza kumwelezea mtu habari za muziki wa industrial anakuuliza ndo singeli ya wapi hiyo. Nilishachoka kueleza kwamba kuna watu London walianzisha lebo yao ya Industrial Records mwaka 1976, mwaka ule ule TAZARA inakabidhiwa, kelele za viwandani wakazifanya ndo muziki wenyewe. Mtu anakuangalia tu, anauliza kwa hiyo kwaya hawana?

Mi ni wa Einstürzende Neubauten, bendi ya Kijerumani ya muziki huo, toka enzi za kaseti. Kuna Mjerumani alikuwa anajitolea kufundisha huku, alipoondoka wenzangu aliwaachia baiskeli na masufuria, mimi akaniachia boksi la kaseti na sikulalamika. Hawa jamaa walianza 1980 Berlin Magharibi, mpiga dramu N.U. Unruh kafulia, akauza dramu zake, akaenda kuokota vyuma chakavu akawa anatwanga hivyo hivyo. Kuna kaseti walirekodia ndani ya uwazi wa daraja la barabara kuu, magari yanapita juu wao wamo humo na vyuma vyao. Halafu 1984 baadhi yao wakaalikwa ukumbi wa ICA kule London, watu wamekaa kistaarabu, wao wakapanda na mashine za kuchanganyia zege, chensoo na madrili, wakaanza kutoboa jukwaa mpaka uongozi ukakatisha shoo. Jukwaa la watu! Hao ndo walikuwa watu wangu.

Sasa muelewe kwamba mimi ule muziki ulikuwa na kazi hapa nyumbani. Nyumba ya kupanga mnaijua, vyumba vimetazamana, Luku moja, chumba cha mwanzo kwaya toka alfajiri, cha pili amapiano, nje ya geti kuna fundi wa kuchomelea anakata bomba na grenda, kila mtu anashindana. Nilikuwa naweka albamu yao ya 1981, sabufa ikishachemka uwanja mzima unasikia madirisha yanafungwa, pa, pa, pa. Hakuna aliyewahi kuniazima sabufa. Watu wa michango ya harusi wakifika mlangoni wakasikia mwimbaji wao anavyopiga yowe wanajua humu leo kuna ugomvi, wanageuza. Shemeji yangu alikuja kusalimia siku mbili akaanza kuuliza habari za godoro, nikamwekea upande A tu, jioni akakumbuka ana majani ya chai ya kuchuma Tukuyu.

Ndo Aprili 2024 wakatoa albamu mpya, Rampen, nyimbo 15, imetokana na vitu walivyokuwa wanabuni papo hapo jukwaani kwenye ziara yao ya 2022. Niliposikia papo hapo nikasema hapa patachimbika. Nikanunua bando la usiku, nikakesha nashusha na baridi yetu hii ya Mbeya, blanketi hadi kichwani, nikangoja Jumamosi watu wote wako nje wanafua, nikafungua sauti hadi mwisho, nikasimama mlangoni na kikombe cha chai niangalie wanavyokimbia.

Hakuna aliyekimbia!

Besi inatembea taratibu, chuma kinagongwa kwa adabu kama mtu anapiga hodi ukweni. Na huyo mwimbaji wao mwenyewe, Blixa Bargeld, mtu niliyemtegemea kwa mayowe, albamu inatoka ana miaka 65 na ananong'ona. Wimbo wa kwanza nikasema wanapasha, wa pili nikasema wanavizia hawa, ngoja, mara ukaja wa Kiingereza unasema kila kitu kitakuwa sawa. Kitakuwa sawa? Mlitoboa jukwaa la watu leo mnanifariji mimi? Na wenyewe bila aibu wameandika hapo kwenye jina kamili la albamu kwamba hii ni pop ya viumbe wa sayari nyingine. Pop!

Sijasema ni mbaya. Usiku niliirudia na hedifoni, kuna sehemu wanagonga chuma mara moja wanakiacha kilie mpaka kinyamaze chenyewe, halafu ndo kinagongwa kingine, chini besi inakoroma, unasikia kabisa hawa wametwanga vyuma miaka zaidi ya arobaini na wanajua kila kipande kinalia nini. Ingekuwa ya bendi nyingine ningeisifia hadi kesho. Ila mimi sikununua bando nitafute utulivu, utulivu ningeenda Matema bure.

Turudi Jumamosi. Mama mwenye nyumba akatoka na beseni lake, nikaanza kuandaa samahani yangu ya siku zote.

"Baba, leo umeweka nini?"

"Shikamoo mama, nazima sasa hivi."

"Marahaba, usizime. Huyo mzee anaimba kwa hekima sana. Ni mchungaji?"

Nikamwambia hapana mama, ni Mjerumani. Akasema ndo maana, Wajerumani anawajua, ndo walioleta kanisa la Moravian Rungwe mwaka 1891. Akaongeza na mwanangu angalau sasa umetulia, tulikuwa tunakuombea.

Walikuwa wananiombea! Toka hapo nimekwisha. Chumba cha pili wameazima sabufa wakairudisha inanuka samaki. Watu wa michango wanaingia mpaka ndani wanakaa, wanaomba na maji, mmoja alitikisa kichwa mpaka wimbo ukaisha ndo akatoa daftari. Shemeji kapiga simu kasikia nimebadilika, anakuja na begi kubwa.

Na jana mama mwenye nyumba kamtuma mjukuu na flashi, eti nimwekee wale Wajerumani, Jumapili kina mama wa kanisani wana kikao kwake na spika amekodi. Nimemwekea. Ya 1981, yote, na nimemwambia mjukuu amwambie bibi afungue sauti hadi mwisho.