Bagi ya kompyuta: ni yule nondo kweli?

Aliyesoma kompyuta lazima kapigwa hii stori, kwamba neno bagi (kwa Kiingereza bug, yaani mdudu), lile la kosa kwenye programu, limetokana na mdudu kabisa. Tarehe 9 Septemba 1947 pale chuo cha Harvard, Marekani, kompyuta ya Mark II ikazingua, mafundi kufungua wakakuta nondo (yule anayejigonga kwenye taa usiku, sio za kujengea) kanasa kwenye rilei, zile swichi za umeme zilizokuwa zinaiendesha. Wakamtoa wakambandika na selotepu kwenye daftari la kazi, na daftari lipo mpaka leo makumbusho ya Smithsonian, nondo wake humohumo.

Tukio ni la kweli, hilo sibishi. Ila kinachoiangusha stori ni daftari lenyewe. Pembeni ya mdudu waliandika kwamba hii ndo mara ya kwanza bagi halisi inapatikana, sasa we jiulize, halisi ya nini kama hakukuwa na zile za mdomoni tu? Yani walishazoea kuita hitilafu bagi, ndo maana walivyomkuta mwenye mbawa ikawa utani. Na Thomas Edison mwaka 1878, miaka 69 nyuma, kwenye barua yake alishaandika kwamba ukivumbua kitu zinaanza kujitokeza kasoro ndogondogo, akasema ndo zinaitwa bagi, na wakati huo kompyuta ya umeme hata haijaundwa.

Hapo wa nondo wameshapigwa bao, lakini wana hoja moja naikubali. Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta wa Kimarekani, alikuwa kwenye timu ile (siye aliyemkuta mdudu, hiyo sifa watu wanampa bure tu) na kisa hiki alikisimulia miaka na miaka kwenye mihadhara, kwahiyo neno la mafundi umeme likapata sura ambayo mwanafunzi hasahau. Hakulizaa ila kalilea.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanasema mzizi ni neno la Kiingereza cha zama za kati lenye maana ya zimwi, la kutishia watoto. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana na mi ushahidi nauona mwembamba, ila saa nane usiku unatafuta nukta mkato moja iliyopotea kwenye mistari elfu mbili, zimwi linaingia akilini kuliko mdudu.