Kusoma Uzamili wa Historia kwa Intaneti Ukiwa Lubumbashi

Mkaazi wa Lubumbashi anayetaka kusoma historia katika ngazi ya uzamili hana sababu ya kudharau kozi zinazofundishwa kwa njia ya intaneti. Hata hivyo, kabla ya kumshauri alipe ada, ninaweka sharti moja: kozi hiyo imruhusu kufanya utafiti wake kwa kutumia vyanzo vilivyo hapa mjini. Asipopata ruhusa hiyo, atalipa pesa nyingi ili asimuliwe habari za mji wake kutokana na karatasi zilizohifadhiwa Ubelgiji.

Nianze na faida, kwa kuwa ni kubwa. Wengi wetu tuliopitia vyuo vya hapa tulizoea profesa anayesoma silabasi yake huku sisi tukiandika, kisha mtihani ukatudai tumrudishie yale yale. Semina ya uzamili haiendi hivyo. Kila wiki unapewa kitabu kizima, mara nyingine pamoja na makala mbili tatu zinazokipinga, na siku ya mjadala hakuna anayekuuliza Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, ilianzishwa mwaka gani (ni 1906, kwa anayetaka kujua). Unaulizwa mwandishi ameyajuaje anayoyasema, amesoma nyaraka za nani, na ni akina nani ambao sauti zao hazimo katika nyaraka hizo. Zoezi hili humchosha sana mtu aliyelelewa kuheshimu kila kilichochapwa, lakini akilizoea, hata tangazo la serikali halisomi tena kwa macho ya zamani.

Taabu za kila siku nitazipita haraka, maana zinajulikana. Semina inayoanza saa kumi na mbili jioni kule New York hukukuta Lubumbashi saa sita au saa saba usiku, kulingana na majira yao. Umeme hukatika wakati wa zamu yako ya kusema. Na mega za intaneti ulizonunua huisha kwa kupakua vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Anayechagua chuo cha Ubelgiji au Ufaransa huepukana angalau na tatizo la saa, na tovuti ya Persée humpatia bure majarida mengi ya Kifaransa. Aulize pia mapema kama diploma yake itatambuliwa na wizara ya elimu ya juu hapa Kongo, hasa akikusudia kufundisha.

Suala la vyanzo ndilo linalostahili muda wetu. Chukua mgomo wa Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi wakidai nyongeza ya mshahara, wakakusanyika katika uwanja wa mpira hapa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wao, aliuawa. Idadi ya waliokufa hutofautiana sana kati ya taarifa za utawala na masimulizi ya watu wa mji. Mwanafunzi aliyeko Chicago na mwanafunzi aliyeko Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, wanaweza kusoma vitabu vile vile juu ya siku hiyo. Ila yule wa Katuba anaweza pia kutembea mitaa miwili na kumuuliza mzee aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi jinsi baba yake alivyokuwa akiisimulia. Kozi inayomfundisha kupima nyaraka bila kumfundisha kupima masimulizi hayo imemwachia nusu ya kazi, na sioni kwa nini ailipie ada kamili.

Isitoshe, mji huu haukungoja chuo cha mbali ili uanze kujiandikia historia. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, aliandika habari za Elisabethville kwa Kiswahili chetu cha hapa, akieleza maisha ya mabwana na maboi kwa namna ambayo hakuna ripoti ya mkoloni ingeweza kueleza. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha maandishi hayo mwaka 1990, na ndipo wasomi wa nje walipoyafahamu. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi nzima katika picha takriban mia moja. Na katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu amefanya kazi kwa miaka mingi na kumbukumbu za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, na familia zao. Kozi ya historia ya Kongo isiyotaja hata kimoja kati ya hivi, mimi nisingejiandikisha.

Kuna kikwazo kimoja ambacho watu wa kozi hizi hawakifikirii vya kutosha. Vyuo vingi vya nje hudai kila anayehojiwa atie sahihi fomu ya ridhaa, na lengo lake ni jema, yaani kumlinda mtu huyo. Lakini mpelekee karatasi ya Kifaransa au Kiingereza mama wa mtaa wetu wa Kamalondo ambaye mumewe aliondolewa kazini baada ya kutia sahihi karatasi, uone kama atakuongezea neno. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwandikie mhadhiri barua umuulize mambo matatu: kama ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa inakubalika, kama mahojiano yanaweza kunukuliwa kwa Kiswahili bila kulazimishwa kutafsiriwa kwanza, na kama nakala ya rekodi itabaki Lubumbashi, mahali ambapo watoto wa waliohojiwa wanaweza kwenda kuisikiliza. Akijibu hapana kwa swali la tatu, tafuta chuo kingine.