Mwewe hatoi mchango

Tangu nihamie hapa Kigoma mwewe ananichukulia vifaranga, na sijawahi kuona kikao kikiitishwa. Mama watoto anapiga ukelele, watoto wanatoka na masufuria ya kugonga, mwewe keshatua juu ya mchikichi na chakula chake mguuni, habari imeisha. Kule Kibirizi akina mama wanaanika dagaa mchangani wakiwa na fimbo mkononi, mwewe anashuka, anabeba, anaondoka. Hakuna mwenyekiti, hakuna katibu. Jumamosi iliyopita ndege kagusa droni ya harusi, mara mimi mweka hazina naitwa kwenye kikao cha dharura, tena maji ya kunywa kila mtu aje na yake!

Hiyo droni niliipinga mapema. Mtoto wa shemeji anaoa, bajeti ina wali, ina ng'ombe, ina MC anayedai pesa kuliko ng'ombe, halafu katikati pameandikwa "picha za juu". Nikauliza, za juu za nini? Bibi harusi kalipiwa saluni usoni, sisi tukampige utosini? Na mimi mwenye kipara je, si nitaonekana mpaka ng'ambo Kongo? Wakacheka, wakapitisha.

Kupitisha ni rahisi, makaratasi sasa. Droni nchi hii si tiara ya mtoto: kuna kuisajili Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna kibali cha Wizara ya Ulinzi. Kijana wa kamera kafuatilia yote hayo, na kila fotokopi nimeilipa mimi, risiti ninazo. Ndege aliyekuja kuivunja hakuulizwa hata namba ya NIDA.

Basi siku yenyewe maharusi wakapandishwa mtumbwini pale Katonga, kanga zimetandikwa, vigelegele. Kijana akatangaza, "Jamani, msitazame juu!" Harusi nzima ikatazama juu. Ndiyo maana wote tulishuhudia. Droni imesimama angani inavuma, ndege katokea upande wa jua, kaipitia na kucha, vipangaboi vikakatika, kitu kikaingia ziwani. Rimoti mkononi mwa kijana inalia pii pii pii, utadhani kuna la kufanya. MC akasema kwenye maikrofoni, "Na ndege nao wanatupongeza." Huyu ndiye tuliyemlipa.

Kwenye kikao sasa. Saa nzima imeliwa na swali moja: alikuwa mwewe au alikuwa tai? Upande wa bibi harusi wanasema mwewe. Upande wetu tunasema tai, yule mwenye kichwa cheupe anayekaa kwenye miti ya ziwani akipiga kelele asubuhi. Kijana wa kamera akaingiza mahesabu: droni yake haifiki robo kilo, mwewe naye hafiki kilo moja, lakini tai jike wa ziwani anapita kilo tatu, kwa hiyo kwa kishindo kile ni tai. Watu wakapiga makofi. Nikauliza kwani tai ana bei tofauti na mwewe? Nikaambiwa mweka hazina asichanganye mambo.

Kijana huyo kasoma, simkatalii. Anasema ndege akiwa na makinda hataki kitu chochote kipite anga yake. Anasema mwaka 2016 polisi wa Uholanzi walitangaza kwamba wanatumia tai waliofunzwa kudaka droni za wahalifu, na mwisho wa 2017 wakaacha, maana gharama zilikuwa kubwa na tai wenyewe hawakuwa wanatii kila wakati. Hapo nilicheka peke yangu. Uholanzi walimlipia tai mwalimu, wetu amejifunza bure na kazi anaifanya Jumamosi.

Akaendelea: Julai 2020, Marekani, idara ya mazingira ya jimbo la Michigan ilikuwa inapiga picha ufukwe, tai akaipiga droni yao ya dola 950 kama hivi hivi. Ndani ya sekunde 3.5 za kuanguka, mashine ikatuma maonyo 27, moja likisema pangaboi halipo. Wakaitafuta kwenye maji ya kina kama cha mita 1.2 na hawakuiona. Sasa sisi wenye Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470, shemeji anataka kukodi mzamiaji! Nikamuuliza kijana, hao wa Michigan walichangishwa? Akanyamaza.

Kilichonikera zaidi ni kwamba dawa alikuwa anaijua. Amesema mbele ya kikao: ukiona ndege mkubwa anakujia, pandisha droni wima haraka, maana ndege kupanda wima kunamshinda. Tukamgeukia wote. Mbona hukupandisha? Eti bibi harusi angeonekana mdogo kwenye picha.

Mwisho tumekubaliana kuchanga upya, elfu kumi kumi, na walioahidi tangu mwanzo wasitoe hawajatajwa hata kidogo. Kwenye daftari nimeambiwa niandike "mengineyo".

Desemba anaoa mdogo wake bwana harusi. Rasimu ya bajeti imeshaletwa: droni mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, na chini yake kwa kalamu nyekundu, "mlinzi wa ndege". Nimeuliza huyo mlinzi atamfukuzaje tai aliyeko angani. Nimejibiwa atanunuliwa filimbi.