Mita 60 zinapimwa kwa futi ya nani?

Jamani watu wa Mwanza, hizi mita 60 zinapimwaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, iko wazi: shughuli za kudumu marufuku ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Naiunga mkono kabisa. Matete yakifyekwa, tope lote linaishia ziwani na samaki wanakosa pa kuzalia.

Lakini kwa nini banda la mama mdogo la kuanikia dagaa, miti minne na turubai, lipigwe X nyekundu, na hatua ishirini mbele yake ukuta wa tofali umeshuka hadi majini? Hadi majini! Mawimbi yanagonga plasta! Njia tuliyopita na ndoo kichwani tangu utotoni imewekwa geti, na mlinzi anakuuliza, "Unaenda wapi?" Naenda wapi? Naenda ziwani! Sasa tunazunguka mawe yote yale, kiuno kinakatika, kwa ndoo moja ya kufulia. Ziwa lote hili, kubwa kuliko yote Afrika, tunalichungulia kwenye tundu la geti.

Wewe wa Igombe, wewe wa Luchelele, kwenu njia bado ipo?