Mashine ya vyombo si anasa, muulize anayeviosha

Kila anayeiona mashine ya kuoshea vyombo jikoni kwangu husema lilelile: "Kumbe siku hizi umekuwa Mzungu." Namkaribisha akae, namtilia chai, tunaanza kuhesabu. Friji anayo. Brenda anayo, na mbuzi ya kukunia nazi hutolewa siku za shughuli tu. Mashine ya kufulia anayo, au anaichangia pesa, na hapa Tanga sijasikia mtu akiitwa Mzungu kwa kufua kwa mashine. Kwa nini basi zamu ya vyombo ikifika ndipo tunakumbuka neno anasa? Jibu langu halipendezi. Vyombo vinaoshwa na dada wa kazi, au na mtoto wa kike wa nyumbani, na hao si wanaoamua pesa ya nyumba inunue nini.

Mashine yenyewe ni kongwe, ya Kimarekani, ina magurudumu na mfuniko unaofunguka juu. Haijengewi kabatini. Unaisukuma hadi kwenye sinki, unafunga mpira wake kwenye bomba, maji safi yanaingia na machafu yanatokea sinkini. Ikimaliza unairudisha pembeni. Iliachwa na wageni waliowahi kupanga nyumba Raskazone, ikaishia stoo kwa ndugu yangu mmoja ikihifadhi vitunguu. Nilipoiomba alinipa pamoja na vitunguu vyake.

Asili ya mashine hizi inachekesha ukiijua. Josephine Cochrane wa Shelbyville, jimbo la Illinois, alikuwa mama mwenye uwezo, na kilichomuudhi si uchovu wa watumishi wake bali sahani zake za kauri zilizokuwa zikimeguka mikononi mwao. Mumewe alifariki mwaka 1883 akamwachia madeni, na lile wazo la kulinda sahani likawa riziki. Hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, aliipata tarehe 28 Desemba 1886. Mwaka 1893 mashine zake zilionekana kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na wanunuzi wake wa mwanzo wakawa mahoteli na migahawa. Kanuni yake haijabadilika: kila chombo kikae kwenye waya wake, kirushiwe maji kwa nguvu, kisisuguliwe. Lakini angalia nani alihurumiwa kwanza. Sahani. Mikono ilisubiri, na kwetu bado inasubiri.

Fundi niliyempelekea ana banda Ngamiani, kazi yake ni kuwaindi mota, yaani kuzisuka upya nyaya zake. Feni na pampu ndizo zinazomlisha. Hakuwa amewahi kuona kitu hiki. Alifungua kibao cha chini, akachungulia na tochi ya simu, akacheka. "Dada, hii ni pampu na hita. Basi." Na kweli ni hivyo. Mota inazungusha pampu, pampu inasukuma maji kwenye mkono wenye matundu, msukumo wa maji yenyewe unauzungusha mkono, na hita imelala chini. Akili yote imo kwenye taima: kimota kidogo kinageuza gurudumu lenye meno, kila jino likipita linabonyeza swichi yake. Unaweza kukaa ukaitazama ikipanga kazi. Mashine za leo zinaendeshwa na kadi ya elektroniki. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kadi ikaungua, fundi anakutazama na wewe unamtazama, na mashine nzima inakuwa kabati. Ndiyo maana nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya mpya ya dukani na kongwe ya stoo, kwa mji wetu nachukua kongwe.

Matengenezo hayakuwa ya ajabu. Sili ya pampu ilikuwa imekauka, ikabadilishwa. Vali ya kuingizia maji ilikuwa imeziba chokaa, tukailaza kwenye maji ya ndimu. Plastiki iliyofunika waya za kupangia vyombo ilikuwa imebanduka na kutu imeanza, na hewa ya bahari haisamehe kutu. Fundi alipasua mpira mwembamba wa dripu akaivika waya moja moja. Waya wa umeme tuliutupa bila mjadala, maana raba yake ilikuwa inapukutika na haukuwa na ethi, ule uzi wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Chombo cha chuma, maji, sakafu ya saruji na miguu mitupu: hapo usibane matumizi.

Kazi ilikuwa kwenye umeme. Kibao cha nyuma kinataka volti 115 na hezi 60 (mara ambazo umeme unapiga kwa sekunde), nasi tunapewa volti 230 na hezi 50. Volti zinashushwa na transfoma, mradi iwe na uwezo wa kubeba hita na mota kwa pamoja. Zile ndogo za redio zitaungua siku hiyohiyo. Hezi hazibadilishwi na transfoma yoyote. Mota ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 inapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, na ukiipa volti zake zote inapata joto kupita kiasi. Fundi alijua hili bila kufundishwa na mtu, akatumia toleo la volti 100 la transfoma. Hasara yake ni kwamba hita imepoteza kama robo ya nguvu yake. Taima nayo imepungua mwendo, hivyo kazi iliyopangiwa dakika 60 inakwisha kwa dakika 72.

Kuchelewa huko kumenifaa, kwa sababu mashine ya namna hii haipimi maji. Inafungua vali kwa muda uliopangwa na kuamini kwamba bomba lina nguvu. Kwao linayo. Kwangu maji yanashuka kutoka simtanki lililo juu mita tatu hivi, na inahitajika mita 10 za kimo kupata baa 1 ya msukumo, kwa hiyo nina theluthi ya baa mahali ambapo waliotengeneza walitarajia baa nzima na zaidi. Hata kwa muda ulioongezeka, pampu ilikuwa inavuta hewa na kuguruma. Mfuniko wa juu ndio ulioniokoa: naufungua vali ikishafunga, namimina maji ya moto kutoka sufuria iliyo kwenye gesi mpaka yafike usawa wake.

Ndiyo, nachemshia mashine maji. Cheka tu. Lakini fikiria sahani ya wali wa nazi au samaki wa kupaka iliyokaa tangu usiku. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, na asubuhi za Julai maji yetu yanakaribia hapo. Sabuni ya baridi inausukuma ule utando huku na huko. Maji ya nyuzi 60 yanauyeyusha, na mkono wa mtu hauwezi kukaa kwenye maji ya nyuzi 60. Huo ndio ubora wa mashine kwa jiko la pwani. Tanki jeusi lililopigwa na jua hadi saa tisa alasiri hufanya sehemu ya kazi hiyo bure, kwa hiyo vyombo vya mchana vina bahati kuliko vya daku.

Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono usiitie kabisa. Povu litajaa, pampu itapoteza nguvu, na sakafu utaipiga deki usiku. Poda ya mashine haitoi povu. Kiini cha nyingi ni kabonati ya sodiamu, jamaa wa karibu wa ile kabonati ya potasiamu iliyomo kwenye jivu walilosugulia bibi zetu. Zamani ziliongezwa fosfati za kulainisha maji, na mashine za umri huu zilibuniwa zikizitegemea. Ulaya ilizibana mwaka 2017 kwa sababu zikifika mitoni na maziwani zinanenepesha mwani. Pengo lake natia siki kidogo kwenye suuza ya mwisho. Maji ya bomba kutoka bwawa la Mabayani hayanisumbui sana. Ya kisima, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, huziachia glasi ukungu mweupe.

Shangazi yangu wa Chumbageni alikuja kuikagua, akasimama mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, sufuria limebaki, mwiko umebaki, sinia limebaki. Hapo umeosha nini?"

Ana haki. Aluminiamu haiingii, kwa kuwa poda kali inaifanya nyeusi. Mwiko na kifumbu vitapasuka au kufumuka, chungu usikijaribu, na sinia la biriani ni pana kuliko mdomo wa mashine. Kinachobaki ni sahani, bakuli, vikombe, glasi na vijiko. Lakini mtu asemaye hivyo ni vichache hajakaa jikoni mwezi wa Ramadhani, bakuli za uji zikifuatwa na sahani za futari, zikifuatwa na vikombe vya kahawa vya wageni wa baada ya tarawehe. Binti anayebaki nyuma na beseni wakati wenzake wako barazani ndiye ninayempigia hesabu.

Hoja inayonibana kweli ni maji. Mashine za zamani za aina hii hutumia lita 40 hivi kwa mzunguko, yaani madumu mawili, wakati za kisasa zinaridhika na lita 10 au zaidi kidogo. Mtu mwangalifu mwenye beseni mbili anaishinda yangu. Kwa hiyo mpira wa kutolea nauingiza kwenye ndoo wakati wa suuza ya mwisho, maji yakaenda chooni, na wiki ambayo mabomba ni makavu mashine inakaa pembeni. Mtu anayenunua maji kwa dumu kila siku nitamwambia aachane nayo.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mpwa wangu wa kiume. Huyu hajawahi kugusa stilwaya maishani mwake, na mama yake alishachoka kumsema. Tangu mashine iwake, yeye ndiye anayeisukuma, anafunga mpira, anabishana na dada yake vikombe viinamishwe upande gani. Kwa hiyo tatizo halikuwa mikono. Alikuwa anasubiri swichi. Nimefurahi na nimeudhika kwa kiasi kilekile. Nikaweka sheria kwamba anayewasha mashine ndiye anayesugua masufuria yaliyobaki, na sasa kila jioni ananiuliza kama kuna poda isiyoharibu aluminiamu.